Haja Nyuma ya Karatasi

Kwa miaka kumi na moja marafiki zake walimwita Saeed "Profesa", wala si kwa ajili ya shahada yake. Walimwita hivyo kwa ajili ya mpira, tena mpira wenyewe si huu wetu wa kupiga kwa mguu. Ni ule wa Wamarekani, wa kubeba mkononi, wenye umbo la papai. Kila mwaka kuanzia Septemba, vijana wa vyuo vikuu vya Marekani wanapovunjana mbavu siku za Jumamosi, Saeed alikaa katika majlisi yake, sebule ya wageni wa kiume, pale Ansab, Maskati, akasema nani atashinda na nani atalala. Na mara nyingi ndivyo ilivyokuwa. Wenzake walistaajabu. Mkewe Kheiria hakustaajabu, maana utabiri ulikuwa wake, wote, tangu wa kwanza.

Ilianzia huko huko Marekani. Wizara ilimpeleka Saeed kusoma mwaka wa themanini, na Kheiria akafuatana naye, bibi harusi wa mwaka mmoja. Jumamosi walikwenda kiwanjani pamoja na wanafunzi wengine. Saeed alikwenda kupiga makelele na kula karanga. Kheiria alikwenda kutazama. Mchezo ule kwa wengi ni fujo tu, watu wamerundikana chini hujui mguu wa nani, lakini yeye aliuona umepangika, kila mtu na njia yake, na akirudi nyumbani aliweza kuuchora wote kwenye karatasi. Ndipo alipojiandikisha na yeye katika chuo kile kile, akachukua hisabati. Alisoma miaka miwili na mitihani yote aliipita kwa alama za juu. Halafu akawa na mimba ya Maram, na Saeed yuko mwaka wa mwisho, kazi zimemzidi.

"Acha kwanza nimalize mimi," Saeed alimwambia. "Wewe utamalizia Maskati."

Akaacha. Akakaa na tumbo lake mbele ya taipureta, akampigia mumewe karatasi zake zote, na zile za hesabu hakuzipiga chapa tu, alizifanya. Saeed akapewa shahada, akapigwa picha na joho. Waliporudi, Maskati ya kumalizia haikuwapo. Chuo kikuu kilipofunguliwa kilichukua watoto waliotoka shule mwaka ule, si mama mwenye mtoto kiunoni. Kheiria akapata kazi ya ukarani bandarini Matrah, akazaa wengine wawili, na karatasi yake ya matokeo akaitia ndani ya bahasha, bahasha ndani ya sanduku la nguo.

Basi ile majlisi. Walikuwa watu watatu wa kudumu, wengine huja na kuondoka. Wa kwanza Saeed mwenyewe. Wa pili Taimur, mtu wa wizarani, mnene, mwenye sauti, ambaye rafiki yake wa zamani kule Marekani alikuwa akimletea faksi ya matokeo kila Jumapili asubuhi. Wa tatu Sleyum, mpole, asiyesema neno mpaka alipime. Wote walikuwa watu wetu, Waomani waliozaliwa Tabora na Bujumbura, wakarudi Omani vijana na Kiswahili chao mdomoni, wakapelekwa kusoma. Kila mmoja na chuo chake, na majina ya Kimarekani walikwisha kuyatupa zamani. Chuo cha Saeed kilikuwa Nyuki, cha Taimur Nyati, cha Sleyum Wekundu.

Walikuwa na desturi zao. Ijumaa baada ya sala na chakula, hubishana mpaka alasiri kuhusu michezo kumi ya kesho yake, kisha kila mtu huandika kumi zake kwenye karatasi na kuitia ndani ya kopo la halwa. Mtu hachagui dhidi ya chuo chake, akifanya hivyo huzomewa mwezi mzima. Na mwenye kupatia zote kumi ana haki ya kumwomba mmoja wao haja moja, na haja ile haikataliwi. Ili watu wasije wakaingiwa na tamaa baada ya kushinda, haja huandikwa mapema, nyuma ya karatasi. Kwa miaka kumi na moja zote kumi zilipatikana mara mbili tu, zote na Saeed, yaani na Kheiria. Mara ya kwanza Saeed aliomba gari ya Taimur kwa wiki. Mara ya pili aliomba Sleyum awapikie biriani kwa mkono wake mwenyewe, na watu walicheka mpaka wakalia. Kheiria alizisikia haja zote mbili kutoka jikoni, wala hakuulizwa yeye angependa nini.

Namna walivyofanya ilikuwa nyepesi. Saeed hurudisha sinia jikoni, ati kahawa imepoa, na chini ya kitambaa cha sinia kuna orodha ya michezo. Kahawa ikichemka upya, Kheiria huandika majibu. Saeed huyanakili kwa mwandiko wake pale ukumbini, akarudi kwa wenzake amekunja uso kama mtu aliyetoka kufikiri.

Mwaka ule, tisini na saba, mambo mawili yalikutana. Kilifunguliwa chuo kipya cha binafsi pale pale Ansab, Kheiria akianika nguo juu ya dari anakiona. Na Sleyum akafanywa mkuu wa usajili wa chuo kile. Kheiria aliposikia, alitafuta gazeti. Alisoma tangazo gazetini neno kwa neno. Masomo ya zamani kutoka vyuo vya nje yanapokelewa, ila yasiwe yametimiza miaka kumi na tano. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa Mei, themanini na tatu. Akiingia muhula wa Januari, miaka yake miwili inahesabiwa, anabakiwa na miwili. Asipoingia Januari, yote yamekufa, aanze na watoto wa miaka kumi na nane kutoka alifu. Mwisho wa kujiandikisha ilikuwa Jumatano ya tarehe kumi na mbili Novemba.

Alimwambia Saeed mara ya kwanza, akajibiwa, "Tutaona." Akamwambia mara ya pili, akajibiwa, "Sleyum ni rafiki yangu, mambo ya kuombana kazini yanaharibu urafiki." Yeye mwenyewe kwenda hakufikiri hata dakika moja. Mke wa Saeed akakae kwenye benchi nje ya ofisi ya rafiki wa Saeed, na watu wanapita? Hata wewe usingefikiri, kama umelelewa alivyolelewa.

Ndipo alipoikumbuka haja. Haja haiharibu urafiki, haja ni mchezo.

"Ijumaa hii nitakupatia zote kumi," alimwambia Saeed siku ya Jumanne. "Lakini nyuma ya karatasi nitaandika mimi."

Saeed alicheka. "Zote kumi zinapatikana kwa bahati, Mama Maram."

"Wewe nakili tu."

Siku tatu zile Kheiria hakulala vizuri. Alisoma magazeti ya Kimarekani ya Taimur yaliyochelewa wiki, akarudia kanda za video za michezo mpaka watoto wakalalamika kwamba wamekosa katuni. Alihesabu nani kaumia, nani anasafiri, nani anacheza kwenye baridi na hakuizoea. Michezo tisa ilimkalia sawa. Wa kumi ulimpa tabu, kwa sababu jibu lake alilijua na hakulipenda. Nyuki walikuwa wanacheza na Nyati, na Nyuki walikuwa wanafungwa.

Ijumaa ile majlisi ilichemka. Kheiria alikuwa jikoni na mlango ameuacha wazi kidogo.

"Nyati watawakanyaga Nyuki mpaka mbawa ziwatoke," alisema Taimur. "Saeed, jitayarishe kuvaa nyeusi."

"Nyati wenu wanene tu, kama wewe," alijibu Saeed. "Mrusha mpira wetu ana mkono, wenu ana tumbo."

"Mrusha mpira wenu ana goti bovu, kasome gazeti."

"Goti limepona."

"Limepona kwa nani? Kwa mama yake?"

Sleyum aliwaacha wamalize, kisha akasema taratibu kwamba yeye anaogopa Wekundu wake, maana wanakwenda kucheza kwenye theluji na hawajaiona tangu mwaka juzi. Taimur akamwambia basi awachague wengine kama ni mwanamume. Sleyum akasema heri afungwe nao kuliko kushinda bila wao. Wakacheka, wakabishana tena mambo yale yale kwa maneno mengine, kila mtu akiapa, na hakuna aliyebadilisha mawazo ya mwenzake hata kidogo.

Sinia likaja. Kheiria akaandika tisa kwa mpigo mmoja. Ya kumi akaandika Nyati. Akageuza karatasi, nyuma akaandika: Sleyum ayapokee masomo ya Kheiria ya zamani, aingie chuo Januari.

Saeed aliisoma ukumbini, akasita. "Nyati? Niwauze Nyuki mbele ya Taimur?"

"Nyuki wanafungwa, Saeed. Goti halijapona."

Saeed akatoa kalamu. Kheiria alimwona akiandika Nyati kwa mkono wake, mtu ambaye kwa miaka kumi na moja aliwabeba Nyuki hata walipokuwa hawana mbele wala nyuma. Na machozi yalimlengalenga. Alisema moyoni, kumbe ananipenda. Alirudi kwenye jiko, asisubiri kuona upande wa pili ukinakiliwa.

Jumapili baada ya magharibi Taimur alikuja na faksi mkononi hata viatu hajavua vizuri. Wakafungua kopo la halwa. Taimur alikuwa na sita, Sleyum saba, Wekundu wake wamezama kwenye theluji. Halafu karatasi ya Saeed. Kheiria alisimama nyuma ya mlango wa jikoni, amejishika na fremu. Alisikia zikisomwa moja moja, sahihi, sahihi, sahihi, na ilipofika ya kumi Taimur akaisoma mara mbili.

"Umewauza Nyuki," alisema kwa mshangao. "Wallahi Saeed, umewauza, na umepatia. Haya, na tuone umewauza kwa bei gani."

Akaigeuza karatasi, akasoma kwa sauti: "Haja yangu kwa Sleyum. Fahd, mtoto wa dada yangu Masouda, apokelewe chuoni Januari."

Kheiria alidhani amesikia vibaya. Alingoja Taimur aendelee. Taimur hakuendelea, hakuna kilichobaki.

Sleyum alikohoa. "Fahd alama zake nimeziona, Saeed. Hazifiki, na hazikaribii kufika."

"Haja haikataliwi."

"Haikataliwi," alisema Sleyum, si kwa furaha. "Nna nafasi moja tu ya kutumia hisani yangu. Haya, aje kesho."

Wageni walipokwenda zao Kheiria alikuwa amekaa ukumbini, mikono juu ya mapaja.

"Nyuma ya karatasi nilikuandikia nini?"

"Kheiria, usianze."

"Nakuuliza. Nilikuandikia nini?"

"Nnajua ulichoandika." Saeed alivua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo. "Dada Masouda kaja ofisini kwangu analia. Fahd hana chuo, hana kazi, siku nzima yumo ndani ya gari na wenzake wanazunguka barabara ya Corniche. Nimwambie nini? Nimwambie nafasi nimempa mke wangu?"

"Ndiyo. Ungemwambia hivyo."

"Wewe una kazi, una nyumba, una watoto mashaallah. Fahd ana nini? Na haja ni moja, si mbili."

"Ilikuwa yangu."

"Mwakani nitakuombea lako. Wewe si unapatia? Utapatia tena."

"Mwakani hayapokelewi, Saeed. Nimekwambia mara ngapi?"

Kweli Saeed aliambiwa, ila hakusikiliza. Kisha akasema neno ambalo Kheiria hakulisahau tena. "Basi ndiyo riziki yako." Akaenda kuoga.

Hakupiga kelele. Kilichomuuma zaidi si Fahd. Ni yale machozi yake ya ukumbini, kwamba mtu aliwauza Nyuki mbele yake na yeye akadhani wanauzwa kwa ajili yake.

Ijumaa iliyofuata sinia lilirudi jikoni kama kawaida. Kahawa imepoa, orodha iko chini ya kitambaa. Saeed hata hakumtazama usoni, alisimama tu akingoja. Kheiria akaandika zote kumi, akampa, naye akanakili mbio mbio na kurudi kwa wenzake amekunja uso.

Jumapili Saeed alipata sifuri. Si moja, si mbili, sifuri kamili. Taimur alicheka mpaka akagaragara kwenye zulia, akamwambia Profesa amefukuzwa kazi. Saeed na yeye akacheka, kicheko cha mtu anayetafuta pa kutokea, akasema wiki hii alikuwa na mafua, kichwa hakikuwa sawa.

Sleyum hakucheka. Aliichukua ile karatasi akaitazama kwa muda mrefu.

"Mtu akifumba macho akaandika ovyo," alisema, "atapatia tano, atakosea tano. Kukosea zote kumi si rahisi. Lazima uwe unajua nani anashinda kila mchezo, kisha uandike mwingine." Alimtazama Saeed. "Mbona uandike mwingine?"

"Nimekwambia nilikuwa na mafua."

Sleyum akasema anakwenda kunawa. Beseni la kunawia lilikuwa nje ya jiko. Alifungua maji, akasema bila ya kugeuka, "Shemegi, ni wewe?"

Kheiria aliusogelea mlango. "Ni mimi."

"Na zile kumi za wiki iliyopita?"

"Na zile. Na za miaka yote."

"Lakini nyuma hukumwombea Fahd."

"Hapana." Akamwambia alichoomba. Alimwambia miaka miwili ya hisabati, jina la chuo, alama zake, mwezi wa mtihani wa mwisho. Alivyokuwa akisema ndivyo maji yalivyozidi kumwagika na Sleyum hakuyafunga.

"Lo, shemegi," alisema mwisho. "Kwa alama hizo wewe huhitaji kuombewa na mtu. Hiyo ni fomu moja tu. Unaijaza, unaleta na karatasi yako, karani anapiga muhuri. Kwa Fahd ndiyo ilitaka haja. Kwa wewe haikutaka mtu." Akafunga bomba. "Lakini tumefunga Jumatano, na vitabu vya usajili vimekwisha kupelekwa wizarani. Kwa nini hukuja mwenyewe?"

Jumatano ile Kheiria alikuwa nyumbani, ameomba ruhusa kazini kwa sababu ya kichwa. Alishinda juu ya dari anaanika nguo, na lango la chuo lilikuwa wazi mbele ya macho yake tangu asubuhi. Ilikuwa mwendo wa dakika kumi.

"Sikujua kama naweza," alisema.

Sleyum akarudi majlisini na mikono inadondoka maji. Wiki iliyofuata hakuja, wala nyingine. Taimur alisema kazi zimemzonga.

Januari Fahd alianza masomo. Alikuja jioni moja, nywele amezipaka mafuta, kitabu kipya kwapani, akamkuta Kheiria anachambua mchele.

"Mkaza mjomba, mama kasema utanisaidia. Hesabu yenyewe hii siielewi hata kidogo, na kesho inatakiwa."

Kheiria alikitazama kitabu. Toleo lilikuwa jipya na jalada jingine, lakini ndani ni kile kile, hata mpangilio wa sura. Alipofunua ukurasa ule alikumbuka dirisha la darasa lake na theluji nje.

"Kamuulize mjomba wako," alisema. "Yeye ndiye aliyesoma."

Fahd akaenda majlisini, Saeed alikokuwa amekaa na Taimur. Kheiria alisikia Taimur akisema, "Haya Profesa, mfundishe kijana." Akasikia kurasa zikifunuliwa mbele, zikifunuliwa nyuma, na Saeed akiuliza mwalimu wenu anaitwa nani, na kama chakula cha pale chuoni ni kizuri. Halafu akasema kwa sauti kubwa kwamba kahawa imepoa.

Alikuja mwenyewe na sinia, akaliweka juu ya meza, akabaki amesimama mlangoni mgongo umeelekea jikoni. Kheiria akainua kitambaa. Chini yake palikuwa na karatasi imekunjwa mara nne, swali limenakiliwa kwa mwandiko wa Saeed, na chini ya swali ameacha nafasi nyeupe ya kutosha.

Aliisoma mara moja. Jibu alilipata kabla kahawa haijachemka. Akaikunja karatasi vile vile mara nne, tupu kama ilivyokuja, akairudisha chini ya kitambaa, akajaza buli na kumkabidhi mumewe sinia lake.